Uzoefu kama Sifa ya Kudahiliwa: Daktari Msaidizi na Muuguzi Mkunga katika Mikoa ya Mbeya na Iringa baada ya Uhuru

Mjadala kuhusu watumishi wa afya wa kada ya kati huelekezwa mara nyingi kwenye urefu wa mafunzo: miaka mingapi darasani, miezi mingapi wodini. Swali hilo lina uzito wake. Hata hivyo, historia ya Nyanda za Juu Kusini inaonyesha kwamba mamlaka ya mtumishi mbele ya mgonjwa yalitegemea pia jambo jingine, yaani kazi aliyokuwa ameifanya kabla ya kurudi chuoni, na iwapo dola ilikubali kuihesabu.

Wakati wa Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo wanatajwa kuwa 12 tu. Mafunzo ya daktari msaidizi yaliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963 yalikuwa jibu la uhaba huo. Njia yake ya kawaida ilikuwa ndefu. Kijana alimaliza kidato cha nne, akasomea miaka mitatu na kuwa mganga msaidizi, ambaye baadaye aliitwa tabibu, kisha akapelekwa kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya. (Jina “mganga” halikutoweka, limebaki juu kabisa, katika cheo cha Mganga Mkuu wa Wilaya.) Baada ya kutumika kwa miaka isiyopungua mitatu, na mara nyingi zaidi ya hiyo, ndipo aliporuhusiwa kuomba nafasi ya miaka miwili mingine. Ndani ya miaka hiyo miwili, upasuaji ulipewa takriban miezi mitatu na uzazi miezi mitatu. Kwa kipimo cha miezi peke yake, huo ni muda mfupi mno kwa mtu atakayempasua mzazi usiku wa manane. Ufupi huo unaeleweka tu ukikumbukwa umati wa wagonjwa aliokwisha kuwaona kabla ya kudahiliwa.

Katika mikoa hii miwili hoja hiyo haikuwa ya nadharia. Mkoa wa Iringa ulijumuisha Njombe, Makete na Ludewa hadi mwaka 2012. Ule wa Mbeya ulijumuisha Mbozi na Ileje hadi mwaka 2016. Wakati wa masika, barabara za milimani hugeuka tope, na rufaa ya kwenda Mbeya mjini, ambako wazazi hupokewa katika kitengo cha Meta, inaweza kumgharimu mama maisha yake. Hospitali za misheni kama Tosamaganga, Ilembula, Ikonda na Isoko zilipunguza umbali huo bila kuuondoa. Daktari mwenye shahada alikuja na kuondoka. Daktari msaidizi, ambaye cheti chake hakikuwa na soko kubwa nje ya nchi, alielekea zaidi kubaki. Kuwapo kwa chuo cha kada hiyo mjini Mbeya kuliwezesha baadhi ya matabibu wa kusini kusoma bila kuvuka nusu ya nchi.

Muuguzi mkunga alikuwa na historia tofauti. Hakuwa na uzoefu haba. Pengine ndiye aliyekaa na mzazi kwa saa nyingi kuliko mtumishi mwingine yeyote. Katika zahanati ambayo tabibu hayupo, yeye ndiye aliyepima, akaamua ni ugonjwa gani, akatoa dawa. Lakini miaka yake kazini ilimpandisha kuwa msimamizi wa wodi, mkufunzi, au muuguzi mkuu wa wilaya. Haikumfungulia kwa kawaida mlango wa chumba cha upasuaji kama mpasuaji. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 iliimarisha taaluma yake chini ya baraza lake yenyewe, na mpaka kati ya ngazi hizi mbili ukabaki pale pale. Ni vigumu kuutenga mpaka huo na ukweli kwamba uuguzi ulizidi kuwa kazi ya wanawake.

Kwamba mpaka huo haukuwa wa lazima kunathibitishwa na Marekani. Mwaka 1965, miaka miwili baada ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Duke kilianza kuwafunza wasaidizi wa madaktari kwa kuwachukua wanaume wanne waliokuwa wamehudumu kama watabibu katika Jeshi la Majini. Mwaka huohuo huko Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha mafunzo yaliyomwezesha muuguzi mzoefu kupima na kutibu watoto. Huko uzoefu wa aina zote mbili ulihesabiwa. Tanzania, iliyotangulia kwa aina ya kwanza, haikuijengea ya pili njia inayolingana nayo.

Utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba madaktari wasaidizi walifanya sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa kiwango cha maana na ya madaktari. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Makete au Ileje bila tahadhari, ila yanadhoofisha dai kwamba kada hii ilikuwa kiraka tu.

Hata hivyo, mafunzo hayo yalisitishwa katika muongo wa pili wa karne hii. Tabibu anayetaka kupanda sasa huomba shahada ya udaktari, na kinachopimwa ni wastani wa alama za stashahada pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi ya kidato cha nne. Miaka aliyotumika Ludewa haiingii katika hesabu hiyo. Katika hilo, tabibu na muuguzi mkunga wamelinganishwa hatimaye.