Karatasi, Chuma na Mdomo: Kutafuta Historia ya Matengenezo ya Land Cruiser ya Mtumba Jijini Kigali

Muuzaji wa Land Cruiser ya mtumba jijini Kigali ana maneno mawili anayoyapenda: kwamba injini haijawahi kufunguliwa, na kwamba gari lilikuwa la shirika. Huenda yote mawili ni kweli. Mnunuzi hana njia rahisi ya kujua, kwa hiyo anajikuta akiuliza maswali yaleyale tunayofundishwa mwaka wa kwanza wa somo la historia: nani anasema, amejuaje, na anapata faida gani akisema hivyo?

Insha hii inajadili namna historia ya matengenezo ya gari kama hilo inavyoweza kupatikana. Hoja yangu ni kwamba katika Kigali hakuna chanzo kimoja kinachotosha, na kwamba sababu kubwa ya upungufu huo ni historia ya Rwanda yenyewe: njia ambazo magari yalipitia kuingia nchini, na jinsi mwaka 1994 ulivyokata kumbukumbu. Anayetaka ukweli hana budi kulinganisha vyanzo vitatu, yaani karatasi, chuma na masimulizi ya mafundi.

Tuanze na njia za magari. Toyota ilianza kutumia jina la Land Cruiser mwaka 1954, na matoleo yaliyoenea zaidi katika kanda yetu ni ya baadaye: toleo la 60 la mwaka 1980, la 70 la mwaka 1984 na la 80 la mwaka 1990. Kwa nchi ya milima na barabara za udongo, gari linalovutwa na magurudumu yote manne lilikuwa chombo cha kazi cha wizara, parokia na miradi ya maendeleo. Kwa kuwa Rwanda ilirithi kutoka kwa Wabelgiji desturi ya kuendesha upande wa kulia wa barabara, magari hayo yalikuwa na usukani kushoto.

Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 mambo yalichanganyika. Serikali iliyoshindwa ilipokimbilia Zaire mwezi Julai iliondoka na fedha za benki kuu na magari mengi ya umma. Mashirika ya misaada yaliingia na magari yake meupe, na kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR, kilibaki hadi Machi 1996. Wanyarwanda waliorudi kutoka Uganda na Tanzania walikuja na magari yenye usukani kulia. Mwaka 2005 serikali ilipiga marufuku kuingiza magari ya namna hiyo, na biashara ikaelemea zaidi kwenye masoko yenye usukani kushoto, hasa Dubai na Ulaya. Kwa hiyo Land Cruiser mbili za mwaka mmoja, zilizoegeshwa bega kwa bega Nyabugogo, zinaweza kuwa na maisha yasiyofanana hata kidogo.

Tofauti hiyo inaonekana kwanza kwenye karatasi. Gari lililotumika Ubelgiji baada ya mwisho wa mwaka 2006 lina bahati, kwa sababu tangu wakati huo mfumo wa Car-Pass huandika kilomita za gari kila linapopita gereji au kwenye ukaguzi. Gari la Japani hupita ukaguzi wa lazima miaka mitatu baada ya kununuliwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili. Lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana ile namba ya kimataifa ya herufi na tarakimu 17. Yana namba fupi ya chesi, na mtu anayeiingiza kwenye tovuti za kimataifa za kuchunguza magari huambiwa kuwa gari hilo halipo. Gari la shirika la misaada kwa kawaida lilikuwa na daftari la safari na la sevisi, ila daftari hilo ni mali ya shirika na mara nyingi halimfuati mnunuzi.

Gari likishaingia Rwanda, karatasi muhimu ni kadi ya njano, ambayo wengi bado huiita carte jaune. Kadi hiyo inathibitisha mmiliki, namba ya chesi na mwaka wa kutengenezwa. Haisemi lolote kuhusu matengenezo. Cheti cha ukaguzi wa polisi nacho kinathibitisha kwamba breki, taa na usukani vilikuwa sawa siku ya ukaguzi. Hakielezi vilikuwaje mwaka uliotangulia. Karatasi hizi mbili zinasema kweli, lakini zilitengenezwa kujibu maswali ya kodi na usalama barabarani. Ni kosa kuzidai majibu ambayo hazikuandikwa kuyatoa.

Kwa magari yaliyokuwepo nchini kabla ya 1994, pengo ni kubwa na zito zaidi. Watu zaidi ya milioni moja waliuawa, wakiwemo wenye magari, madereva na mafundi. Ofisi ziliporwa na nyaraka zikapotea. Mali iliyoporwa ilikuwa miongoni mwa kesi za mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012, na uharibifu wa mali ulikuwa na daraja lake la makosa. Hivyo, kuuliza gari la zamani lilikuwa la nani kunagusa pia haki ya mtu aliyenyang'anywa, mbali na bei ya mnunuzi. Mtafiti anapokuta ukimya katika kumbukumbu za kipindi hicho, asiujaze kwa kubahatisha.

Karatasi zinapokoma, chuma huendelea. Ndani ya chumba cha injini cha Land Cruiser kuna kibati chenye namba ya modeli, na kila herufi ina maana. HZJ maana yake gari lilitoka kiwandani na injini ya dizeli ya 1HZ. FZJ ni injini ya petroli ya 1FZ. Ukikuta kibati kinasema FZJ na chini ya boneti kuna dizeli, injini imebadilishwa, na muuzaji anayesema haijawahi kuguswa amejibiwa. Baada ya namba ya modeli hufuata L au R, yaani usukani kushoto au kulia. Gari lenye R linaloendeshwa kutoka kushoto limehamishiwa usukani, kazi inayogusa breki, pedali na nyaya za umeme. Kibati kinaonyesha pia namba ya rangi ya kiwandani: gari la kijani ambalo kibati chake kinasema jeupe lina maisha ambayo halijasimulia.

Kuna alama nyingine. Injini ya 1HZ ina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na mafundi wengi huandika kilomita kwenye mfuniko wake. Mfuniko ukisema 240,000 na dashibodi ikisema 160,000, kilomita zimerudishwa nyuma. Sumaku isiposhika kwenye ubavu wa gari, chini ya rangi kuna puti. Chesi iliyochomelewa, nati mpya kwenye difu ya mbele iliyozungukwa na nati zenye kutu, na mafuta yanayovuja kwenye vifundo vya magurudumu ya mbele, vyote vinaonyesha mahali palipofanyiwa kazi au palipotelekezwa. Udhaifu wa chuma ni kwamba kinaonyesha tendo lakini hakisemi sababu. Chesi iliyochomelewa haikwambii kama gari lilipinduka au lilichoka tu kwa mizigo.

Sababu hupatikana kwa mafundi. Gatsata, kaskazini mwa jiji, ni mahali panapojulikana kwa gereji na vipuri. Huko, kama ilivyo Nyamirambo, Kiswahili ni lugha ya kazi kati ya Mnyarwanda, Mkongomani na Mganda, na majina ya vipuri yanachanganya Kiswahili, Kifaransa na Kinyarwanda. Fundi wa miaka mingi hulikumbuka gari kwa ugonjwa wake: lile lililokuwa likichemsha mlimani, lile lililovunjika springi. Tarehe anaweza kuzisahau. Jan Vansina, mwanahistoria Mbelgiji aliyekusanya masimulizi ya kale hapa Rwanda katika miaka ya 1950, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo halali cha historia, mradi tuchunguze yalivyopokezanwa na maslahi ya msimuliaji. Kanuni hiyo inafaa hapa. Fundi aliyelitengeneza gari mwenyewe ni shahidi. Dalali, ambaye Kigali huitwa komisiyoneri, anarudia aliyoambiwa na analipwa gari likiuzwa. Tatizo jingine ni kwamba gereji zilizokuwa kwenye ardhi oevu zimehamishwa, na mafundi wakihama, kumbukumbu zao husambaa nao.

Vyanzo hivi vinapata nguvu vinapolinganishwa. Tuseme muuzaji anadai gari lilikuwa la shirika na halijapata ajali. Kibati kinasema rangi nyeupe, jambo linalokubaliana na dai la kwanza. Chesi ina alama ya kuchomelewa mbele kulia, jambo linalopinga la pili. Fundi wa Gatsata anakumbuka gari jeupe lililoletwa likiwa limeburutwa. Hakuna ushahidi kati ya hii mitatu unaotosha peke yake, lakini kwa pamoja unamfanya mnunuzi apunguze bei, au aache kabisa, kabla hajashusha familia yake mlimani kwa gari hilo.

Pengo lililobaki nyuma haliwezi kuzibwa lote, ila la mbele linaweza kuzuiwa. Daftari dogo linaloandikwa tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa na jina la gereji, likikabidhiwa pamoja na kadi ya njano kila gari linapouzwa, lingemwachia mmiliki wa nne ushahidi ambao wa kwanza hakuuona wa maana. Nyaraka nyingi tunazozitegemea darasani zilianza hivyohivyo, kama hesabu za mtu aliyekuwa akifanya kazi yake.