Mimba changa na kipimo cha SS: mambo ya kujua mbele ya kuamua

Katika nchi zenye hospitali kubwa, mama mwenye mimba changa anapewa vipimo vingi vya kutafuta magonjwa ya kurithi. Kwetu mashariki ya Kongo, ugonjwa wa kuangalia mbele ya yote ni drepanositozi, ule ambao wengi wanauita SS.

Kipimo cha kwanza hakimgusi mtoto. Ni damu ya wazazi, inayopimwa kwa elektroforezi. Mtu AA habebi ugonjwa. AS anaubeba akiwa mzima, na hata analindwa kiasi dhidi ya malaria kali. SS ni mgonjwa. Mume na mke wakiwa AS wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kuleta mtoto SS. Kila mimba, narudilia: kuzaa mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima. Wababa wanaokataa kutoa damu, kisha wanamlaumu mke, wanatenda udhalimu, maana mtoto SS amerithi kwa pande zote mbili.

Kumpima mtoto tumboni ni jambo lingine. Munganga anachukua kipande kidogo cha kondo la nyuma, kati ya juma la 11 na la 14, ao maji ya mimba kuanzia juma la 15. Kazi hiyo inaomba fundi na laboratwari ya pekee, na mara chache inaweza kuharibu mimba. Ekografi ya kawaida haionyeshi SS.

Basi waulizane kwanza: jibu tutalifanyia nini? Kuna wanaotaka kujitayarisha. Kuna wanaoogopa kwamba jamaa itawasukuma kutoa mimba. Mimi ninashika kwamba mtoto ni kazi ya Mungu tangu tumboni, kama Zaburi 139 inavyofundisha, lakini kujua si dhambi. Na asiyetaka kupima tumboni asihesabiwe mjinga.

Wazazi AS waombe damu ya mtoto ipimwe mara anapozaliwa. Akijulikana mapema anapewa penisilini tangu miezi miwili hivi mpaka miaka mitano, chanjo, asidi foliki na kinga ya malaria; iko pia hidroksiyurea, inayopunguza vipindi vya maumivu. Asiyejulikana anafika hospitali amekwisha damu, na jamaa imekwisha kutafuta mchawi. Swali la wanafunzi katika Yohana 9, nani alitenda dhambi, Yesu alilikataa. Wachungaji, tusiliingize tena nyumbani mwa watu.

Vijana nao wapime mbele ya mahari kutolewa, si juma la ndoa, wakati mialiko imekwisha kugawanywa.