Punje ya mionzi na njia ya Nakivale

Machi 2026 imetimia miaka 10 tangu mashine ya mionzi ya saratani ya Hospitali ya Mulago, Kampala, ikate roho. Ilikuwa ya kobalti, ikiwa kazini tangu 1995, na Uganda nzima haikuwa na nyingine. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kutibu wagonjwa 400 bure. Mashine mpya ikazinduliwa Januari 2018. Hayo yanajulikana.

Kisichosemwa sana ni ile tiba nyingine ya mionzi, ya saratani ya tezi dume: punje ya iodini-125, urefu milimita 4.5, wembamba chini ya milimita moja, inapandwa ndani ya tezi na kuachwa humo. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 60 hivi.

Wafaransa walianza na radiamu miaka ya 1910. Kisa chenyewe, lakini, ni cha New York, miaka ya 1970. Daktari Willet Whitmore na wenzake walipasua tumbo, kidole kikiwa katika njia ya haja kubwa kupima sindano imefika wapi, punje zikiachwa kwa kukadiria. Huku zikarundikana, kule pakabaki patupu. Ugonjwa ukarudi kwa wengi, wakubwa wa fani wakaikatia tamaa punje. Wakaihukumu bure: kosa lilikuwa la giza. Mwaka 1983 Hans Henrik Holm wa Denmark alionyesha kwa altrasaundi sindano inavyoingia, hatua kwa hatua.

Kompyuta ndiyo iliyomaliza ubishi wa punje zimekaa wapi. Eksirei moja hudanganya, maana punje mbili zikifunikana huonekana moja. Basi hupigwa picha kadhaa kwa pembe tofauti, kompyuta ikaoanisha kila nukta nyeupe na mwenzake. Siku hizi picha za CT hurudia hesabu hiyo mwezi mmoja baadaye, uvimbe ukishapoa.

Sasa mfikirie mzee mwenye saratani hiyo huko Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa 1958. Hadi mji wa Mbarara tu ni mwendo wa kilomita 60 hivi, Kampala 270 zaidi. Mionzi ya nje ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Atalala wapi? Punje hupandwa mara moja, mtu akarudi kwake, mradi saratani haijatoka nje ya tezi. Lakini nchini Uganda mionzi ya ndani, ambayo punje ni aina yake, imetumika hasa kwa saratani ya mlango wa kizazi.

Wanaopanga vituo vya saratani mikoani waweke nauli ya mgonjwa kwenye hesabu, kando ya bei ya mashine.