Koliflawa (Shinyanga na Geita)

Koliflawa ni mboga ya jamii ya kabichi inayolimwa kwa ajili ya ua lake changa, jeupe. Ua hukaza vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, ndiyo maana baridi ya Lushoto huifaa kuliko joto la Usukumani.

Huku Usukumani, mbegu ndiyo huamua mavuno. Aina ya baridi ikipandwa joto likiwa kali, ua huchelewa au huchambuka kama punje za wali, na bei hapo hakuna. Inafaa aina inayostahimili joto na kukomaa mapema, ioteshwe kitaluni mwezi Aprili ili ua lifunge Julai, usiku ukiwa na ubaridi. Maji yasikatike. Ua likilingana na yai, majani hufungwa juu yake lisichomwe na jua likageuka manjano.