Kurejesha au Kubuni? Historia Fupi ya Kichujio cha Nuru

Mwanafunzi wetu mmoja alinijia ofisini akiwa na picha ndogo ya shangazi yake, aliyeuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ndiyo picha pekee iliyobaki katika ukoo wao. Mama huyo alikuwa akigeuza kichwa wakati wa kupigwa picha, na uso wake ukawa mchirizi. "Mwalimu," aliuliza, "nikiandika maelezo chini yake nitumie kitenzi gani: kusafisha, kurekebisha au kurejesha?"

Mimi ni mtu wa isimu, si wa fizikia. Hata hivyo, swali lile lilinipeleka maktaba.

Picha hutikisika kwa sababu kila nukta ya kitu kinachosogea huacha mstari. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, hivyo wapita njia na magari ya farasi yakatoweka kabisa; akaonekana mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu. Waliopita hawakuacha alama ya kurejeshwa. Picha ya shangazi ina nafuu: alama ipo, ila imesambaa.

Njia ya kuikusanya ilianzia kwenye hadubini. Mwaka 1873 Ernst Abbe, mtaalamu wa Jena, Ujerumani, alieleza kwamba nuru iliyopita kwenye kitu hugawanyika kabla ya kuunda picha: nuru ya maumbo mapana hukaa katikati, ile ya mambo madogo madogo hukaa pembeni, kisha zote huungana. Mwaka 1906 A. B. Porter alilionyesha jambo hilo kwa wavu wa waya. Alipoweka mwanya mwembamba mahali nuru ilipogawanyika, nyuzi za upande mmoja wa wavu zikatoweka pichani. Nami nilicheka peke yangu maktabani, maana ni kama kufuta irabu zote katika sentensi na kuziacha konsonanti.

Ikafuata hatua ya kutibu picha. Mwaka 1953 André Maréchal na Paul Croce, mjini Paris, walitumia kichujio kilichopunguza nuru ya katikati, na mambo madogo yakajitokeza. Leza ilipopatikana mwaka 1960, kazi hiyo ikawa rahisi zaidi. Kwa picha iliyotikisika, kichujio hupunguza nuru ile iliyobaki na nguvu, ili ile iliyodhoofishwa na mwendo ionekane. Na pale ambapo mwendo umeigeuza nuru, utando mwembamba huichelewesha kwa nusu wimbi ili irudi sawa. Lakini zipo sehemu ambazo mwendo umezifuta kabisa. Hapo kichujio hakina la kufanya, na ukilazimisha unakuza chembechembe za filamu tu.

Baadaye kompyuta zilichukua kazi hiyo kwa hesabu, zikiwemo kanuni za William Richardson (1972) na Leon Lucy (1974). Siku hizi zipo programu zilizofunzwa kwa nyuso nyingi mno, ambazo hujaza pengo kwa kukisia.

Studio moja ya mjini ilikuwa imemfanyia mwanafunzi wetu hivyo. Picha ilitoka safi, macho yanang'aa, midomo imechorwa vizuri. Baba yake, kaka wa marehemu, aliitazama kwa muda mrefu kisha akasema: "Huyu simjui."

Hapa Kigali maneno hayo ni mazito. Katika Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, yaliyofunguliwa Aprili 2004, kuna chumba chenye picha zilizotolewa na familia, zimebanwa kwenye nyaya. Picha ya namna hiyo ni ushahidi kwamba mtu huyu aliishi. Uso uliokisiwa haushuhudii chochote.

Tulikubaliana hivi: neno *kurejesha* litumike pale tu ambapo nuru yenyewe iliacha alama, na kazi ya studio iitwe *kubuni*. Baba yake alikwishaiondoa picha ile ya studio kwenye fremu. Ile ya mchirizi imerudishwa, na chini yake kijana ameandika jina la shangazi yake na maneno haya: "Akigeuka, kabla ya 1994."