Kuzuia Migogoro kwa Fedha za Nje

Mwaka 2001 serikali ya Uingereza ilianzisha mifuko miwili ya kuzuia vita ugenini, mmoja kwa ajili ya Afrika, wa pili kwa sehemu nyingine za dunia. Wizara tatu zilihusika: Mambo ya Nje, Ulinzi, na Maendeleo ya Kimataifa. Badala ya kila moja kuchota kwenye fungu lake, zilitakiwa zikae, zikubaliane mkakati mmoja, ndipo fedha zitoke. Neno la Kiingereza walilolichagua kuiita mifuko hiyo ndilo hilohilo la bwawa la kuogelea, na mfasiri mwenye haraka angeweza kutuzamisha sote. Bahati nzuri Kiswahili cha bajeti kilikuwa na jibu tayari. Tanzania ilishazoea Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambao wafadhili kadhaa huchangia kwa mpango mmoja. Kwa hiyo "mfuko wa pamoja" hauna ubishi.

Ubishi uko kwenye neno "migogoro".

"Kuzuia migogoro" ndiyo tafsiri iliyoenea, nayo inateleza vizuri mdomoni. Lakini mgogoro kwetu ni neno pana. Upo mgogoro wa mipaka ya shamba, wa mirathi, wa ndoa, wa uongozi katika chama. Mingi haimwagi damu, na mingine ni haki ya mtu kuwa nayo. Chukua Tana River, Kenya. Wafugaji wa Orma huteremsha ng'ombe mtoni kupitia malka, yaani njia za mifugo zinazopita katikati ya mashamba ya Wapokomo. Shamba likipanuka, malka inabanwa. Ukame ukizidi, ng'ombe anaingia kwenye mahindi. Mkulima ana hoja, mfugaji ana hoja. Huo ni mgogoro wa miaka mingi, na anayetaka kuuzuia atakuwa anamziba mdomo mmoja wao. Kilichostahili kuzuiwa ni kile kilichotokea hukohuko, katika kijiji cha Riketa, mwezi Agosti 2012, watu zaidi ya 50 walipouawa kwa siku moja.

Kwa maoni yangu, basi, kinachozuiwa ni machafuko au mapigano. Mgogoro wenyewe husuluhishwa. Hata kitenzi "kuzuia" kina harufu ya kituo cha polisi, kwani tumekizoea kwenye kuzuia maandamano na kuzuia dhamana. "Kuepusha machafuko" inasema kazi yenyewe bila kumtisha anayelalamika.

Upande wa amani lugha yetu imejipanga vizuri zaidi. Mwanazuoni wa Norway Johan Galtung alitenganisha kazi tatu mwaka 1976, na Katibu Mkuu Boutros Boutros-Ghali akazitia kwenye msamiati wa Umoja wa Mataifa mwaka 1992: kulinda amani ni kazi ya askari wanaosimama kati ya pande mbili, kupatanisha ni ya mezani, na kujenga amani ni kuondoa yale yanayoweza kurudisha vita. Mfuko wa Kujenga Amani wa Umoja wa Mataifa ulianza mwaka 2006, na nchi mbili za kwanza kunufaika zilikuwa Burundi na Sierra Leone, kila moja ikitengewa dola milioni 35.

Ila kazi hii haikungoja mifuko. Mji wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa na mapigano ya koo yaliyofika hadi sokoni. Mwanamke wa ukoo huu hakuuziwa na wa ukoo ule. Dekha Ibrahim Abdi, mwanamke wa hapo, na wenzake walianzia hapohapo. Waliwakusanya akina mama wa soko, wakaweka kamati ya kuhakikisha kila mtu ananunua na kuuza bila kuulizwa ukoo, kisha wakawafuata wazee na vijana. Mwaka 1993 wazee wa koo walitia saini azimio la amani, Azimio la Al-Fatah. Wafadhili walikuja baadaye, na serikali ikaja kuutumia mfano wa kamati za amani nchini kote.

Hao wafadhili nao wanahitaji kutazamwa. "Ufadhili" umebeba fadhila ndani yake, na anayefadhiliwa hutarajiwa kushukuru. Nyaraka za mtoaji husema jambo jingine waziwazi. Ile mifuko miwili ya Uingereza iliunganishwa, na mwaka 2015 ikafuatiwa na Mfuko wa Migogoro, Uthabiti na Usalama, uliokuwa na zaidi ya pauni bilioni 1 kwa mwaka na uliokuwa chini ya Baraza la Usalama la Taifa la Uingereza. Mwaka 2024 ukawa Mfuko Jumuishi wa Usalama, na migogoro ikatoka kabisa kwenye jina. Usalama unaotajwa hapo ni wa Uingereza kwanza. Si aibu, kila serikali hutumia kodi ya wananchi wake kwa sababu zake. Lakini ukiziita fedha hizo fadhila, msomaji hataona kwamba kuna mtu anayenunua utulivu.

Ndiyo maana kwenye mkataba wa kamati ya amani ningeandika "ruzuku ya kuepusha machafuko", kisha jina kamili la mfuko na la wizara iliyotoa, ili mweka hazina anayetia saini ajue hesabu zake zitasomwa wapi.