Tajiri Aliyeogopa Miba

Henry E. Huntington, tajiri wa reli wa California, hakutaka kusikia habari za mimea ya jangwani. Siku za ujenzi wa reli alikuwa amekutana na mpungate, na miba yake hakuisahau. Lakini msimamizi wa shamba lake la San Marino, Mjerumani William Hertrich, alikuwa na mteremko mkavu wenye udongo duni, akamwandama bosi wake mpaka akalegea. Mwaka 1907 Hertrich alianza bustani ya mimea hiyo kwa eneo la nusu ekari hivi.

Leo bustani ile ina ekari 10 na zaidi ya aina 2,000 za mimea inayohifadhi maji. Madungusi kakati ndiyo wenyeji wa Amerika, ila anayefika Januari hutekwa na mgeni kutoka Afrika: mshubiri. Sisi tunaoujua kwa utomvu unaopakwa titi ili mtoto aachishwe ziwa, pengine tumesahau kuwa una maua.

Na maua hayo yana vituko. Kwao Afrika Kusini, mishubiri mingi huchanua kipupwe, Juni hadi Agosti, na ndege chozi ndiye mnywaji wa asali yake. Ilipovushwa ikweta ilifuata kipupwe cha huko, na kwa kuwa Marekani haina chozi, kazi ilichukuliwa na kolibri, kijindege kinachonyonya huku kikielea hewani.

Kuchanua kipupwe ndiko kunakofanya matunzo yawe magumu. Adui wa mshubiri bustanini si kiu. Jani lake limejaa maji. Jalidi likianguka, maji huganda na kulipasua, na kikonyo cha ua ndicho huungua mapema. Januari 1913 baridi iliteketeza machungwa na malimau kusini mwa California. Mteremko husaidia, maana hewa baridi ni nzito, huteleza bondeni. Mvua nayo hunyesha kipupwe hichohicho, hivyo matuta huinuliwa na udongo kuchanganywa na mawe mepesi ya volkeno, mizizi isioze.

Kuna pia utitiri usioonekana kwa macho, unaovimbisha majani na vikonyo kama chunjua. Dawa ya uhakika ni kisu: sehemu iliyovimba hukatwa na kutupwa mbali, kisha kisu husafishwa.

Majani makavu yanayoning'inia shinani kwenye mishubiri mirefu huachwa. Mpenda usafi angeyakwanyua, kumbe ndiyo blanketi la shina.